Mzee Elisante Mfinanga, Aliyewaombea Korongo Namba Zao

Ijumaa ya tarehe 30 Januari 2026, Mzee Elisante Mfinanga atakabidhi funguo za stoo ya vifaa vya michezo ya Chuo cha Carver Heights, hapa Oxon Hill, baada ya kuitumikia kwa miaka ishirini na minane. Ofisi ya Mawasiliano imeshaandika wasifu wake kwa Kiingereza, mzuri tu, wenye picha ambayo amekaza shingo utadhani anapigwa picha ya pasipoti. Huu wa kwetu ni wa chakula cha kumuaga, na umeandikwa kwa niaba ya meza ya Waswahili iliyo karibu na mashine ya kahawa kwenye ukumbi wa kulia. Meza hiyo ameikalia, na kuitawala kwa ubishi, tangu wengi wetu hatujafika Maryland.

Alizaliwa Usangi, milimani Upare, akajifunza ushonaji mjini Moshi, kisha akaja Marekani akiwa bado kijana kumfuata dada yake aliyekuwa akiishi Adelphi. Aliosha vyombo katika hoteli moja ng'ambo ya mto, na mwezi wa Agosti 1997 akaajiriwa hapa kuwa mfuaji wa jezi za timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Mpira alioujua yeye ulikuwa wa miguu. Kazi aliikubali kwa sababu aliambiwa kuna cherehani, na cherehani ilikuwepo kweli, imefunikwa na maboksi, haijaguswa tangu aliyeitumia alipoondoka.

Mwanzo wake haukuwa wa kujivunia, na hakuna anayeusimulia kwa furaha kuliko yeye mwenyewe. Wiki ya kwanza alizikausha jezi za safu ya mbele kwa moto mkali, na Jumamosi vijana wakubwa kuliko wote timuni wakaingia uwanjani vitovu vikiwa nje. Jumamosi iliyofuata mwamuzi alirusha chini kitambaa cha njano, ambacho ndicho ishara ya kosa katika mchezo huo. Mzee Elisante alikuwa ameambiwa kwamba kitambaa chochote kikianguka uwanjani ni juu yake. Akatimua mbio hadi katikati ya wachezaji, akakiokota, akakikung'uta na kukitia mfukoni, na mchezo ukasimama mpaka mwamuzi alipokuja kukidai. Wahitimu wa miaka ile wakikutana naye hata leo huchomoa leso na kuidondosha mbele yake.

Wakati huo Korongo, kama timu yetu inavyoitwa, walikuwa bado na jina. Miaka ya sabini walichukua ubingwa mara kwa mara, na jukwaa la juu, ambako ukikaa leo unaona Mto Potomac na gurudumu kubwa la bembea la National Harbor, lilijaa hadi watu kukaa kwenye ngazi. Alipofika Mzee Elisante, viti vya pembeni vilikuwa vimeanza kubaki wazi. Kwa mgeni asiyejua lolote kuhusu mchezo wenyewe, aliipenda timu hiyo upesi mno. Mkewe, Bi Rosemary, alipokuja kuungana naye alikuta ukutani pa sebule pamening'inia picha ya ndege mwenye miguu mirefu, na akauliza kama mumewe amebadili dini.

Kosa lake la tatu ndilo lililotukusanya hapa. Kijana mmoja mgeni aliomba jezi namba 58, na jezi ilikuwepo rafuni, imekunjwa vizuri. Mzee Elisante akakataa kuitoa. Kwao, anavyoeleza, mtoto hapewi jina la babu aliye hai bila babu mwenyewe kuambiwa, na yeye alidhani namba nazo ni hivyo hivyo. Imekaa mgongoni pa mtu miaka minne, jina lake limeandikwa juu yake, itapewaje mwingine kimyakimya? Jambo hilo aliliona liko wazi kiasi kwamba hakuona haja ya kumuuliza mtu. Akaenda kwa chama cha wahitimu, akampata mwenye 58, akampigia simu kumwombea kijana namba.

Mwenye 58 alikuwa Akinyele Dorsey, aliyekuwa akifanya kazi benki mjini Baltimore, na ambaye siku hizi ni mwalimu wetu wa Kiswahili na mwenyekiti wa wahitimu waliochezea timu. Alikuwa amekisoma Kiswahili darasani miaka miwili bila kupata mtu wa kuongea naye. Aliposikia lafudhi ile kwenye simu, akajibu kwa Kiswahili kilichopigwa pasi: "Ndiyo, bwana. Ninakubali. Lakini ningependa kumwona kijana huyo kwanza." Jumamosi akaja, na mkewe, na wakwe zake, wakakaa jukwaani kumshangilia mtu wasiyemjua kwa sababu tu amevaa namba yao. Kocha wa siku hizo alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, kisha akasema utaratibu huo uendelee.

Ukaendelea. Mgeni kabla ya kupewa jezi alikalishwa kwenye stuli ya stoo, Mzee Elisante akampigia aliyeivaa kabla yake, akawatambulisha, akawaachia simu na kutoka nje. Aliwafundisha neno somo, ambalo kwetu ni mtu unayechangia naye jina, na vijana wa mitaa ya Southeast na wa Baltimore wasiojua neno jingine la Kiswahili wakawa wanasema "my somo" bila kufikiri mara mbili. Masomo hao walituma viatu, waliwatafutia wenzao vibarua vya kiangazi, walikuja na maua siku ya mahafali. Wengine walipiga simu Jumapili asubuhi kugomba kwa nini namba yao imedondosha mpira.

Tuseme ukweli: desturi hiyo haikutuletea vikombe. Vyuo vikubwa vilijenga viwanja vya kung'aa, vijana wenye vipaji wakaelekea huko, na Korongo wakazidi kushuka. Kuna msimu tulifungwa mechi zote. Mwandishi wa maneno haya, ambaye ndiye dereva wa basi la timu, aliwarudisha vijana usiku kwa usiku kutoka majimbo mbalimbali, na ndani ya basi hapakusikika hata mtu wa kufungua pakiti ya chipsi. Jumatatu ungemkuta Mzee Elisante stoo akipiga pasi namba za mgongoni, akisisitiza kwamba safu ya mbele inaimarika. Tulimtania kwamba yeye angeona safu inaimarika hata kama wote wamelala chini.

Kisha, msimu wa mwaka juzi, akaja Kocha Ethan Bramwell na kibarua kigumu cha kuifufua timu. Ni mtu mwema, mchapakazi, na alifanya wanavyofanya makocha wote siku hizi, kwani sasa mchezaji anaweza kuhama chuo kila mwaka na kulipwa akicheza. Dirisha la usajili lilipofunguliwa alibeba wachezaji kutoka kila kona, karibu timu nzima. Walifika katikati ya kiangazi, mazoezi yakaanza kesho yake, na muda wa kupigiana simu na wazee haukuwepo. Jezi zikatolewa kwenye maboksi. Mzee Elisante alitii, kwa kuwa kocha ni kocha, ila siku hizo mezani alikula haraka na kurudi stoo.

Na tulishinda! Mechi nyingi kuliko tulizopoteza, kwa mara ya kwanza tangu wengine wetu tuajiriwe. Meza ya Waswahili ilikuwa haikaliki kwa kelele, na za dereva zilikuwa juu kuliko za wote. Januari ikafika, dirisha likafunguliwa tena, na zaidi ya nusu ya timu ikaondoka kama ilivyokuja. Baadhi ya jezi zilirudi kwa posta. Nyingine zilikutwa zimesokomezwa ndani ya makabati, bado zina unyevu. Mzee Elisante alizifua zote, akazikausha taratibu, akazipanga rafuni, na hakuna hata mmoja aliyekuja kumuaga.

Bodi ya wadhamini haikuchelewa kusema yake. Ikitokea Januari nyingine kama hiyo, walitangaza, mpira wa Kimarekani utafungwa Carver Heights, na uwanja utatafutiwa kazi nyingine. Timu ilipewa mwaka mmoja.

Mwezi huo huo ndio Mzee Elisante alipaswa kustaafu. Bi Rosemary alikuwa ameshakata tiketi za kwenda Usangi na kununua sanduku jipya la magurudumu, kubwa, la rangi ya damu ya mzee. Mzee akapanda ofisi ya utumishi kuomba abaki mwaka mmoja zaidi, kwa sababu, alisema, hawezi kuondoka Korongo wakiwa wamelala. Bi Rosemary aliliacha sanduku mlangoni siku tatu. Siku ya nne akatia mablanketi ya wageni ndani ya lile sanduku, akalisukuma chini ya kitanda, na maisha yakaendelea.

Mezani ubishi ulipamba moto. Upande mmoja ulishikilia kwamba dawa ni kutafuta wafadhili wazito na kununua wachezaji bora zaidi ya wale. Hoja hiyo, yenye mantiki yote, ilitolewa na dereva. Mzee Elisante alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini. "Kiplagat," alisema, "wewe unataka ku-buy timu. Mimi nataka vijana waone aibu kuondoka bila kuaga. Wale wamemuaga nani? Hatukuwaintroduce kwa mtu."

Maneno hayo hayakuishia mezani, maana meza yetu haijui siri. Baada ya siku chache Kocha Ethan aliteremka stoo mwenyewe, akaikalia ile stuli ya wageni, na wakazungumza hadi chakula cha mchana kikapita. Alipotoka alimwomba Mwalimu Akinyele amsaidie kuwatafuta wachezaji wa zamani. Majira ya kuchipua simu zikaanza, na safari hii hazikumruka hata mmoja, awe mgeni au mwenyeji. Mzee mmoja anayeishi Georgia alikataa kata kata kutoa 71 mpaka kijana aape hatavaa soksi fupi. Mwingine alilia, akaomba radhi, akalia tena, na kijana aliyekuwa stoo akabaki ameshika simu hajui la kufanya. Mzee Elisante alikuwa na furaha ambayo hatukuwa tumeiona muda mrefu, na tulifurahi kwa ajili yake hata sisi tuliokuwa upande wa wafadhili.

Ikabaki namba 12. Huyo aliyeivaa mwisho aliitwa Akintunde, mrusha mpira mwenye mkono wa ajabu na mcheshi kupita kiasi, aliyeugua na kufariki mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Mama yake, Bi Oya, anaishi Takoma Park. Miaka yote hiyo Mzee Elisante hakuwahi kumpa mtu 12, kwa sababu hakujua ataombaje. Wageni waliipenda, wakaambiwa imechanika. Haikuwa imechanika. Kila mwanzo wa msimu aliifua pamoja na nyingine na kuirudisha rafuni.

Sasa akaitaka Ezekiel, mrusha mpira wetu mpya, kijana wa Adelphi ambaye wazazi wake wanatoka Bukavu. Mzee Elisante akamweleza ukweli. Akamwambia pia kwamba kwa mfiwa hatupigi simu, tunakwenda kukaa naye. Wakapanda basi mpaka kituo cha treni, wakabadili treni Fort Totten, wakashuka Takoma wamebeba jezi kwenye mfuko wa karatasi, na Mzee Elisante, anavyosimulia Ezekiel, njia nzima hakusema neno, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtisha mtu yeyote anayemfahamu.

Bi Oya aliwakaribisha, akawapa chai, akasikiliza ombi lote. Kisha akamwambia Ezekiel aivae palepale sebuleni. Akamzunguka, akamnyoosha mabega ya jezi kwa viganja vyake, akarudi kukaa. Alisema kwa Kiingereza, na tunayaweka hapa kwa lugha yetu: "Watu waliacha kulitaja jina la mwanangu wakidhani wananihurumia. Nimengoja sana mtu aje aniombe kitu chake." Mzee Elisante alilia mbele ya wenyeji wake, na hatuandiki hili kumwaibisha. Alilifungia moyoni kwa muda mrefu mno, na lilipaswa kutoka.

Msimu wa mwaka jana mliuona. Tulishinda tano, tukapoteza sita, na atakayesema hayo ni matokeo ya ajabu atakuwa anatupendelea. Lakini wiki ya wahitimu kurudi chuoni, jukwaa la juu lilijaa. Masomo walikuja na wake zao na wajukuu, kila mtu akitafuta namba yake uwanjani kwa kidole. Bi Oya alikaa mstari wa mbele na mwavuli, mvua ya Novemba ikimpiga magotini, na hakukosa mechi hata moja ya nyumbani. Kila baada ya mchezo Ezekiel alikwenda kumsalimu kabla ya kwenda kuoga, na yeye kila mara alimuuliza kama amekula.

Tatizo ni kwamba Ezekiel alicheza vizuri mno. Desemba haijaisha chuo kimoja kikubwa cha kusini kikawa kinampigia, na ahadi zake zilikuwa nzito kwa familia inayoishi watu saba kwenye apatimenti moja karibu na University Boulevard. Hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia akatae. Kila mtu chuoni alijua pia kwamba akiondoka yeye, wapokeaji wake wawili wataondoka, na wakiondoka hao safu nzima itafuata, na bodi itatimiza ahadi yake. Januari ikaingia. Mzee Elisante alikuja kazini kabla ya alfajiri na kupanga rafu zilizokwisha pangwa. Tulijaribu kumtania, akatabasamu kwa adabu, nasi tukaona afadhali tuache.

Ezekiel, tulikuja kujua baadaye, alikwenda Takoma Park peke yake. Alimwambia Bi Oya kila kitu. Bi Oya hakumwomba abaki. Alimwambia kwamba akienda atamtazama kwenye televisheni, na akibaki atanunua mwavuli mpana zaidi, na kwamba kwa vyovyote anamshukuru kwa kuja kumwambia mwenyewe. Wakala pamoja. Kijana akarudi kwao kufikiri.

Siku ya mwisho ya dirisha, mchana, alitokea mlangoni pa stoo amevaa koti la baridi, na mkononi ameshika namba 12. Dereva alikuwepo, amekwenda kufuata mablanketi ya basi, na anashuhudia. Mzee Elisante aliiona jezi kabla ya kumwona mwenye jezi. Alinyoosha mikono yote miwili juu ya kaunta kuipokea, kwa heshima, anavyopokea mtu habari ya msiba aliyokuwa akiingoja.

Ezekiel, ambaye Kiswahili hukisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, siku hiyo alijibu kama wanavyosema kwao. "Papa Elisante, hii inanifinya huku mabega," alisema. "Unipatie ingine ya kubwa, for next season."

Mzee Elisante alisema ngoja nikuangalizie, akageuka, na akakaa muda mrefu akipekua rafu ya mwisho kabisa, ambayo ina soksi tu. Hatukumharakisha. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, na akaanza kumgombeza kijana kwamba mabega hayo ni ya kula ovyo. Akachukua tepu, akampima, akawasha cherehani, akaishona namba 12 kwenye jezi kubwa hapo hapo sisi tukimtazama. Dirisha lilipofungwa jioni, walikuwa wameondoka wachezaji watatu. Wote watatu walipitia stoo kuaga.

Bodi imekutana na kupitisha kwamba mpira unaendelea Carver Heights. Mzee Elisante hakuungoja uamuzi huo. Jioni ile ile, kabla hajavaa koti, alimpigia Bi Rosemary simu na kumwambia neno moja tu: ayatoe mablanketi.

Mzee wetu, asante kwa jezi zisizonuka, kwa vifungo vyetu vyote ulivyovishona bure wakati wa chakula, na kwa ubishi uliotufanya tuusubiri mchana. Asante kwa kuwakalisha vijana wa watu kwenye stuli na kuwapa jamaa. Mungu awafikishe Usangi salama, wewe na Bi Rosemary, awape afya na jirani wa kubishana naye, na siku za Jumamosi msimu ukianza tutakupigia kukupa matokeo, hata yakiwa mabaya. Pumzika sasa bila wasiwasi. Korongo wapo, na kila jezi ina mwenyewe.

Kiplagat, dereva wa basi la timu, kwa niaba ya meza ya Waswahili